Brekibiti na elektro: sekunde chache za ngoma zinazojaza usiku muzima

Wakaaji wa Kasongo, Kabambare ao Wamaza wanajua sebene: waimbaji wananyamaza, gitaa na ngoma zinashika njia, na wote wanasimama kucheza. Muziki wa brekibiti ulizaliwa kutoka kipande kinachofanana na hicho.

Huko Bronx, mtaa wa New York, watu wanakumbuka karamu ya tarehe 11 Agosti 1973 ambayo DJ Kool Herc alichezesha muziki. Huyu aliona ya kama wachezaji wanangojea pale ngoma inapobaki peke yake. Kipande hicho kinaitwa breki. Kwa kuwa ni kifupi, alitumia sahani mbili za wimbo uleule: breki ya kwanza ikiisha, ya pili inaanza. Elektro ilifuata. Mwaka wa 1982 Afrika Bambaataa na kundi Soulsonic Force walitoa « Planet Rock », na ngoma zake zilitoka ndani ya mashine Roland TR-808, hapana mikononi mwa mutu.

Leo DJ wa klabu anaunganisha nyimbo za namna hiyo saa moja ao mbili bila kusimamisha muziki. Anapatanisha mwendo wa wimbo unaocheza na ule unaokuja, anaondoa besi kidogo, kisha anairudisha kwa nguvu. Klabu hizi zinaitwa za chini ya ardhi kwa sababu hazifuati nyimbo zinazouzwa sana.

Karibu na sisi, muziki wa mashine unachezwa Kampala. Rey Sapienz, Mkongo anayefanya kazi huko, ni mmoja wa walioanzisha lebo Hakuna Kulala. Mwaka wa 2021 alitoa albamu « Na Zala Zala » pamoja na The Congo Techno Ensemble.

Lakini nani analipwa? Breki inayojulikana kuliko zote ina karibu sekunde 7 tu. Gregory Coleman wa kundi The Winstons aliipiga mwaka wa 1969 katika wimbo « Amen, Brother ». Imeingizwa katika maelfu ya nyimbo za watu wengine. Coleman alikufa maskini mwaka wa 2006, bila kupata hata franka moja kwa matumizi hayo.

Hapa kwetu, ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda watungaji pamoja na wenye kupiga muziki, na SOCODA ndiyo inakusanya haki za watungaji. Kijana anayerekodi ngoma ya muzee kwa telefone, halafu anaitia ndani ya kompyuta, afanye mambo matatu: aombe ruhusa kwanza, aandike jina la mupigaji, mahali na tarehe, na wapatane mapema, kwenye karatasi, namna ya kugawana feza zikiingia.