Meusi, Magumu, Tofauti: Kwa Nini Oksidi za Manganisi Zisitambuliwe kwa Jicho na Asilimia Pekee

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kundi la madini meusi na magumu ya oksidi za manganisi ambayo kwa muda mrefu yaliitwa silomelani. Hoja kuu ni kwamba sifa zinazoonekana kwa jicho, hata zikiunganishwa na asilimia ya manganisi inayoandikwa kwenye cheti cha maabara, hazitoshi kueleza madini hayo ni yapi wala yanafaa kazi gani. Kinachoamua ni mpangilio wa atomi ndani ya fuwele, chaji ya manganisi, na elementi nyingine zilizonaswa humo. Makala yanapendekeza kwamba ripoti za uchunguzi na mikataba ya mauzo katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki na Kati itaje jina la madini kabla ya kutaja kiwango chake.

Utangulizi

Mtu anayetembea juu ya amana ya manganisi huokota jiwe zito, jeusi, lenye uso wa mabonge yaliyoshikana kama kishada cha zabibu. Akilikwaruza kwa kisu, kisu huteleza au huacha alama hafifu. Akilisugua kwenye kigae kisichopakwa rangi, huacha mchirizi mweusi au wa kahawia iliyokolea. Kwa vipimo hivyo vitatu, vizazi kadhaa vya wanajiolojia viliandika daftarini neno moja, silomelani, vikaendelea na safari.

Tabia hiyo haijafa. Ripoti nyingi bado hulitaja jina hilo, kisha huweka asilimia ya manganisi, kana kwamba vitu hivyo viwili vimekamilisha maelezo. Nitaonyesha kwamba havijakamilisha, na kwamba pengo hilo lina gharama ya kisayansi na ya kiuchumi.

Historia ya jina

Wilhelm Haidinger, mtaalamu wa madini kutoka Austria, ndiye aliyelitoa jina la silomelani mwaka 1827, akiunganisha maneno ya Kigiriki yanayoeleza uso laini na rangi nyeusi. Lilikuwa jina la mwonekano, na wakati huo hapakuwa na njia ya kulifanya zaidi ya hapo. Madini haya mara nyingi hayana fuwele zinazoonekana. Punje zake ni ndogo mno, na uchambuzi wa kikemia ulileta majibu yanayotofautiana kutoka jiwe moja hadi jingine: hapa bariamu nyingi, pale potasiamu, kwingine risasi, na maji karibu kila mahali.

Mwanga ulianza kuingia eksirei ilipotumika kupima fuwele. Katika miaka ya 1940, Wallace Richmond na Michael Fleischer walichunguza vielelezo vingi vya oksidi za manganisi wakabaini kwamba vilivyoitwa silomelani vilikuwa madini kadhaa tofauti. Lile lenye potasiamu walilipa jina la kriptomelani. Mwaka 1953 A. D. Wadsley alichapisha muundo wa fuwele wa lile lenye bariamu na maji, ambalo leo huitwa romaneshiti, kwa jina la Romanèche nchini Ufaransa. Hatimaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, silomelani iliondolewa katika orodha rasmi ya spishi za madini. Imebaki kuwa neno la kazi ya porini, lenye maana ya oksidi ngumu ya manganisi ambayo bado haijatambuliwa.

Ugumu unapima nini?

Yapo madai kwamba ugumu peke yake unatosha kutenganisha silomelani na pairolusiti, oksidi nyingine ya manganisi, kwa kuwa ya kwanza hufikia 5 hadi 6 katika kipimo cha Mohs na ya pili huchafua vidole kama masizi. Pairolusiti yenyewe inayakanusha madai hayo. Ikiwa katika fuwele kubwa zilizokamilika, ugumu wake ni 6 hadi 6.5, yaani hukwaruza kioo. Ikiwa katika hali ya unga ulioshikana, ugumu huweza kushuka hadi 2. Kemia ni ileile, MnO₂, na muundo ni uleule. Kilichobadilika ni ukubwa wa punje, jinsi zilivyobanana, na nafasi tupu zilizobaki kati yake.

Kwa hiyo kisu cha mwanajiolojia kinapima zaidi mshikamano wa jiwe kuliko utambulisho wa madini. Kipande kigumu kinaweza kuwa romaneshiti, holanditi, kriptomelani, brauniti, hausmaniti au mchanganyiko wake. Rangi nayo haisaidii sana, maana karibu yote ni meusi au ya kijivu cha chuma. Uzito hutoa fununu kidogo, lakini vinyweleo ndani ya jiwe huuvuruga.

Muundo wa ndani

Tofali la ujenzi la nyingi kati ya oksidi hizi ni moja: atomi ya manganisi iliyozungukwa na atomi sita za oksijeni katika umbo la pande nane. Maumbo hayo hushikana kingo kwa kingo yakawa minyororo, na minyororo hukutana kwenye pembe ikaacha mahandaki yanayopita katikati ya fuwele. Upana wa handaki ndio unaotenga madini. Katika pairolusiti, handaki lina upana wa umbo moja kwa umbo moja, kiasi kwamba hakuna ioni kubwa inayoweza kukaa. Katika holanditi na kriptomelani ni mawili kwa mawili, na humo hukaa bariamu au potasiamu. Romaneshiti ina mawili kwa matatu, yenye nafasi ya bariamu pamoja na maji. Todorokiti, iliyopewa jina la mgodi wa Todoroki huko Hokkaido, Japani, ina matatu kwa matatu, handaki lenye upana wa takribani nanomita 0.7.

Ioni zilizomo mahandakini zina chaji chanya, na fuwele hulipa fidia kwa kubadilisha baadhi ya manganisi kutoka chaji ya +4 hadi +3. Ndiyo sababu kanuni za kikemia za madini haya huonekana kama hazitulii. Mwaka 1979 Shirley Turner na Peter Buseck walionyesha, kwa hadubini ya elektroni, kwamba mahandaki ya holanditi na ya romaneshiti yanaweza kupishana ndani ya punje moja. Jiwe ambalo mkononi ni kitu kimoja, kwa kipimo cha atomi huwa ni madini mawili yaliyofumana. Hakuna jicho wala kisu kinachoweza kuona jambo hilo.

Asilimia ileile, madini matatu

Anayetetea njia ya zamani anaweza kusema kwamba jina si muhimu ilimradi maabara itoe asilimia. Hebu tupige hesabu kwa kanuni za kikemia. Pairolusiti safi, MnO₂, ina manganisi asilimia 63.2. Manganiti, MnOOH, ina asilimia 62.5. Brauniti, Mn₇SiO₁₂, ina asilimia 63.6. Cheti kinachoonyesha asilimia 63 hakiwezi kutofautisha madini haya matatu, ilhali kikazi yako mbali mno.

Pairolusiti ina manganisi yenye chaji ya +4. Manganiti ina +3 na maji ndani ya muundo wake. Brauniti ina mchanganyiko wa +2 na +3, pamoja na silika inayokaribia asilimia 10 ya uzito wake. Silika hiyo haiwezi kuoshwa, hata jiwe likisagwa vipi, kwa sababu imo ndani ya fuwele yenyewe. Mnunuzi anayejua madini anazijua tofauti hizi. Muuzaji anayeshika cheti cha asilimia pekee hazijui, na mezani pa bei ndipo ujinga huo unapolipiwa.

Betri zinatoa ushahidi ulio wazi zaidi. Tangu Georges Leclanché alipotengeneza betri yake mwaka 1866, oksidi ya manganisi imekuwa ikipokea elektroni ndani ya betri za aina hiyo, ikishuka kutoka +4 kuelekea +3. Si kila MnO₂ inayofanya kazi hiyo vizuri. Mbale ya Nsuta nchini Ghana, iliyogunduliwa mwaka 1914, ilisifika kwa betri kwa sababu ya nsutiti, madini yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1962 na kupewa jina la mahali hapo. Nsutiti ni mfumano wa mahandaki membamba na mapana kidogo, na mfumano huo hurahisisha haidrojeni kupenya wakati betri inapotoa umeme. Pairolusiti iliyotulia, yenye kanuni hiyohiyo ya MnO₂, huwa mvivu zaidi.

Vilivyonaswa humo

Uso wa oksidi za manganisi huvuta na kushika metali nyingine. Ndiyo maana vinundu vya sakafu ya bahari, vilivyoopolewa na meli ya Challenger katika safari yake ya 1872 hadi 1876, vina nikeli, shaba na kobalti. Vinundu hivyo hukua milimita chache tu kwa miaka milioni, na madini yake makuu ni pamoja na todorokiti na jamaa zake zenye matabaka.

Huku kwetu, ushahidi upo nchi kavu. Kisenge, katika mkoa wa Lualaba nchini Kongo, ilisafirisha manganisi kwa reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito kabla vita vya Angola vilivyoanza mwaka 1975 havijaikata njia hiyo. Oksidi nyeusi za huko ni tabaka la juu tu. Chini yake imo miamba yenye kaboneti ya manganisi, ambayo maji ya mvua na hewa viliiozesha kwa mamilioni ya miaka. Katika mkoa huohuo, wachimbaji wa Kolwezi huokota madini mengine meusi, heterojeniti, ambayo ni oksidi ya kobalti na ndiyo mbale muhimu ya kobalti nchini humo. Oksidi za manganisi zenye kobalti na heterojeniti hufanana sana kwa rangi. Thamani yake haifanani hata kidogo.

Potasiamu iliyomo mahandakini ina faida ya kisayansi. Sehemu ndogo yake ni ya mionzi, na baadhi ya hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni, ambayo hubaki imenaswa. Kwa kupima gesi hiyo ndani ya kriptomelani, Paulo Vasconcelos na wenzake walikadiria kwamba miamba ya Carajás nchini Brazili ilianza kuoza takribani miaka milioni 70 iliyopita. Elementi ambayo mchambuzi wa zamani aliiona kuwa uchafu imekuwa saa ya kupimia umri wa ardhi.

Hoja pinzani

Pingamizi la kwanza ni kwamba takribani asilimia 90 ya manganisi duniani huishia kwenye feleji, na tanuri haliulizi jina. Ukweli ni kwamba tanuri huuliza kwa lugha yake. Oksidi zenye +4 hutoa oksijeni zikipashwa moto, zenye maji hutoa mvuke, brauniti huongeza silika kwenye taka ya kuyeyushia, na potasiamu ya kriptomelani hujikusanya ndani ya tanuri na kula matofali yake. Mwendeshaji anayejua madini yaliyomo hupanga mchanganyiko wake mapema.

Pingamizi la pili ni gharama. Kipimo cha eksirei si cha kila kijiji, na oksidi zenye punje ndogo sana hutoa alama hafifu hata kwenye mashine nzuri, hivyo wakati mwingine huhitaji msaada wa miale ya infraredi. Nakubali. Lakini hatua ya kwanza ni rahisi: tone la boraksi lililoyeyushwa kwenye waya wa platinamu na kuguswa na unga wa jiwe hugeuka zambarau penye manganisi na buluu penye kobalti. Mafundi wa karne ya 19 walikifanya kipimo hicho mezani. Vielelezo vichache vinavyochaguliwa baada ya hapo ndivyo vipelekwe maabara kubwa, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na shehena moja iliyouzwa kwa jina lisilo lake.

  

Hitimisho

Silomelani ibaki kwenye daftari la porini, ikiwa na maana ya swali linalosubiri jibu. Isionekane kwenye ripoti ya mwisho, kwenye leseni wala kwenye mkataba. Vyuo vinavyofundisha jiolojia Dar es Salaam, Nairobi na Lubumbashi viwafundishe wanafunzi muundo wa mahandaki pamoja na kipimo cha ugumu. Idara za madini nazo zidai kwamba kila shehena ya oksidi ya manganisi iandikiwe madini yaliyomo, chaji ya manganisi, na metali zilizonaswa. Nchi inayouza jiwe kwa rangi na asilimia itaendelea kulipwa kwa rangi na asilimia.