Nyongeza ya Kipato Singapore: Mwajiriwa na Aliyejiajiri katika Mpango wa Workfare
Mwaka 2007, baada ya bonasi ya mara moja iliyotangulia mwaka 2006, Serikali ya Singapore ilianzisha nyongeza ya kudumu ya kipato, maarufu kama Workfare, kwa raia wa umri wa kuanzia miaka 35 waliopata hadi dola 1,500 za nchi hiyo kwa mwezi. Asiyefanya kazi hakustahili.

Hata hivyo, kazi zote hazikutazamwa kwa jicho moja. Mwajiriwa alitambulika kupitia mfuko wa akiba wa CPF, ulioanza mwaka 1955, kwa kuwa mwajiri ndiye aliyewasilisha michango. Dereva wa teksi au mchuuzi hakuwa na wa kumshuhudia: alipaswa kutangaza kipato chake mwenyewe na kuchangia kwanza MediSave, yaani akaunti ya matibabu. Alicholipwa kilikuwa pungufu, tena kiliishia humohumo. Kwa viwango vya baadaye, mwajiriwa hupata asilimia 40 ya nyongeza yake kwa fedha taslimu, aliyejiajiri asilimia 10 tu.

Kwa hiyo, kuuita mpango huu ruzuku ya umaskini pekee ni kuusoma nusu. Uliwavuta pia wasio rasmi waingie katika kumbukumbu za serikali. Na kwa anayedaiwa kodi ya nyumba, akiba ya matibabu si pesa mkononi.