Hakuna Damu Chafu

Mkulima wa Naliendele akikuta unga mweupe umetanda juu ya maua na majani machanga ya mkorosho, husema ubwiriunga, na papo hapo fikra zake huenda kwenye dawa ya salfa. Watafiti wa kilimo wa hapo hapo Naliendele hutumia neno hilo hilo. Istilahi njema ndiyo hiyo: hutaja kinachoonekana, haimpotoshi anayeisikia, tena mtaalamu na mkulima wanaielewa sawa.

Damu haikupata bahati hiyo. Watoto wetu wengi wamefundishwa kwamba upande wa kushoto wa moyo una "damu safi" na wa kulia una "damu chafu". Hebu tuifuate damu yenyewe. Inayotoka mwilini huingia atria ya kulia, ikashuka ventrikali ya kulia, ikasukumwa hadi mapafuni. Huko huacha kabonidayoksaidi na kuchukua oksijeni. Kisha hurudi atria ya kushoto, na ventrikali ya kushoto huisukuma kupitia aota hadi kila pembe ya mwili. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo husukuma takriban lita 5 kwa dakika.

Uchafu uko wapi hapo? Damu inayorudi moyoni ni nyekundu iliyokoza tu, na mtu akiwa ametulia bado huwa na kama robo tatu ya oksijeni yake. Tena ndiyo hiyo tunayochangia. Sindano ya mchangiaji huchomwa kwenye vena ya mkono, na chupa ya damu hiyo ikamwokoa mama aliyevuja damu wakati wa kujifungua. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulichagua neno lake vizuri: damu ni salama ikishapimwa na kuonekana haina virusi vya UKIMWI, homa ya ini wala kaswende. Usalama huo hauhusiani na rangi yake. Lakini aliyekariri "damu chafu" shuleni ni rahisi kumwamini muuza dawa anayetangaza kusafisha damu, ilhali kazi hiyo hufanywa na figo na ini usiku na mchana.

Neno "mshipa" nalo limebebeshwa mengi. Nesi akisema mshipa hauonekani, anatafuta vena. Tukisema mshipa unadunda, tumegusa ateri. Kuna mshipa wa fahamu, na kuna mshipa ambao ni ngiri. Ndiyo maana nazikubali ateri na vena, ingawa ni za kukopa, mradi tuzifasili kwa mwelekeo: ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha. Ukizifasili kwa usafi, utakwama mapafuni, kwa kuwa ateri ya mapafu hubeba damu yenye oksijeni kidogo, na vena za mapafu hubeba iliyojaa oksijeni.

Mwelekeo huo unaweza kuuona mkononi mwako. Ning'iniza mkono hadi vena zitutumke. Bana moja kwa kidole karibu na kifundo cha mkono, kisha kwa kidole kingine isugue kuelekea kisukusuku na uachie hicho cha pili. Sehemu uliyoisugua hubaki bapa, maana valvu zilizo ndani ya vena haziruhusu damu kurudi nyuma. Achia kidole cha kwanza, nayo hujaa kutoka upande wa kiganja. Tabibu William Harvey alitumia jaribio la namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1628 kuthibitisha kwamba damu huzunguka. Karne nne kabla yake, tabibu Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Sham aliyefanya kazi Misri, alikuwa ameshaeleza njia ya damu kupitia mapafuni. Kabla ya Harvey wengi waliamini damu huenda na kurudi mishipani kama maji ya bahari yanavyojaa na kupwa kwenye mdomo wa Ruvuma.

Walimu na waandishi wa vitabu vya sayansi, tuiache "damu chafu". Tuseme damu yenye oksijeni nyingi na damu yenye oksijeni kidogo. Ni maneno marefu zaidi, lakini ni ya kweli, na mtoto atakayeyajua hataogopa kuchangia damu atakapokuwa mtu mzima.