Wa Ndani na wa Benchini: Leba ya Malindi, Bima ya California, Sheria ya Brazil

Mwanamke anayejifungua Malindi leo hupita mikononi mwa mila mbili, na mila hizo huachana mlangoni pa leba. Ndani kuna muuguzi mkunga, kipimo cha presha, sindano ya kuzuia damu. Nje, kwenye benchi, ameketi mama yake, au mavyaa, au mkunga wa mtaani aliyemsindikiza, na kapu lenye chupa ya uji na kanga kavu. Mlango ukishafungwa, wa benchini hana kazi tena. Sera zetu za bima zimepanga bei ya kila kilichomo ndani ya mlango ule. Aliyeketi nje hazijamhesabu.

Nisiwanyime waliotangulia haki yao. Tarehe 1 Juni 2013 serikali ya Kenya ilifuta ada ya kujifungua katika hospitali za umma, na baadaye mpango huo ukawa Linda Mama chini ya NHIF, mfuko wa bima ya afya wa taifa wakati huo. Mama hakudaiwa mchango. Kitambulisho au kadi ya kliniki ilimtosha. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2008-09, waliojifungulia vituoni walikuwa asilimia 43. Mwaka 2022 walifika 82. Anayeijua Magarini au Ganze, huku kwetu kaunti ya Kilifi, hawezi kulibeza hilo, maana damu ikianza kumtoka mzazi haingoji gari lipatikane. Hata hivyo sensa ya 2019 ilionyesha kwamba kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai Kenya ilipoteza akina mama 355. Kumfikisha mama hospitali ni jambo moja. Anavyopokelewa akishafika ni jingine.

Mwezi Agosti 2013, miezi miwili hivi tu baada ya ada kufutwa, mwanamke mmoja alijifungua sakafuni katika hospitali ya umma ya Bungoma, kisha wauguzi wakamtukana na kumpiga. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Hakuwa peke yake: watafiti waliowahoji akina mama katika vituo 13 nchini walikuta mmoja kati ya watano akilalamika kudhalilishwa wakati wa kujifungua. Ada ilikuwa imeondolewa. Jicho la mtu wake halikuwepo.

Marekani imefika kwenye suala hili la wa benchini kwa njia ya mzunguko. Kule uzazi uliingia hospitalini mapema, jamaa wakaachwa nje, na vizazi vikapita kabla wanawake hawajaanza kumrudisha msindikizaji, safari hii akiwa mtu wa kazi maalumu: dula. Dula hazalishi wala hapimi. Hukaa na mama tangu uchungu unapoanza, humsugua mgongo, humkumbusha kupumua, humuulizia maswali kwa daktari, na baadaye humtembelea nyumbani. Kwa kuwa wanawake weusi wa Marekani hufa kwa uzazi karibu mara tatu ya weupe, majimbo yameanza kumlipa dula kupitia Medicaid, bima ya umma ya wenye kipato kidogo. Oregon na Minnesota zilitangulia. California ilianza tarehe 1 Januari 2023, na orodha yake inafaa kusomwa Kilifi: ziara ya kwanza ndefu, ziara nyingine hadi nane kabla au baada ya uzazi, na kukaa na mama wakati wa uchungu.

Wala si suala la huruma pekee. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2017 ulikusanya tafiti 26 zenye wanawake zaidi ya 15,000, na ukaona kwamba mama asiyeachwa peke yake huelekea kuwa na uchungu mfupi zaidi na kupasuliwa mara chache zaidi. Kwa bima inayolipa shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, kama ilivyopangiwa SHA, mamlaka ya bima iliyochukua nafasi ya NHIF, hesabu hiyo ingetosha kuamsha mtu usingizini.

Sasa turudi Pwani, kwa sababu hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotaka kutuletea dula kama kitu kipya. Baada ya kuzaa, mzazi wa Malindi halali peke yake. Yupo anayemkanda: kitambaa huchovywa katika maji ya moto, hukamuliwa, hubanwa tumboni, kiunoni, mapajani, mama akiguna na yule akimwambia vumilia, bado kidogo. Kisha tumbo hufungwa kwa kanga, uji wa pilipili manga huletwa, na mtoto hupokelewa ili mama alale. Siku arobaini mzazi ni mtu wa kuhudumiwa, na mwanamke anayemkanda kila siku ndiye wa kwanza kuona homa, kuona damu iliyozidi, kuona mama anayelia bila sababu. California inalipa ili kupata sehemu ndogo ya haya.

Lakini mila hii nayo ina deni. Mkunga wa jadi aliyeng'ang'ania kuzalisha ameshachelewesha wanawake waliohitaji upasuaji. Maji ya moto hayamalizi homa ya uzazi. Na mavyaa, ambaye mara nyingi ndiye anayeamua mkaza mwana aende hospitali lini, anaweza kuwa nguzo ya mama, au akawa ndiye anayemtia hofu. Kwa hiyo msindikizaji lazima awe ni yule aliyemtaka mama mwenyewe, na kazi yake iishie pale ya muuguzi inapoanza.

Brazil ilianzia hapo. Sheria ya mwaka 2005 ilimpa kila mwanamke katika hospitali za umma haki ya kuwa na mtu aliyemchagua, wakati wa uchungu, wa kujifungua na baada ya hapo. Haikudai cheo wala cheti. Naiona kuwa njia bora kwetu kuanzia: kwanza haki ya kuingia, malipo yafuate. Wauguzi wa Kilifi watauliza, na ni halali yao, mtu wa ziada atasimama wapi katika wodi isiyo na mapazia, mama wa kitanda cha pili akiwa wazi. Basi mapazia yanunuliwe. Kaunti inayopokea fedha za bima kwa kila uzazi haishindwi.

Malipo nayo yana mahali pa kuanzia. Tangu 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wana mikoba na posho, na wengine kati yao wanaaminika vijijini kama wakunga walivyoaminika. SHA ingeweza kulipia ziara zao ndani ya siku arobaini. Badala yake, tangu Oktoba 2024, kaya ya mvuvi au mgema inatakiwa kwanza ilipe mchango, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na wasio na ajira rasmi walitakiwa mwanzoni kulipa wa mwaka mzima kwa pamoja. Hapo tumerudi nyuma ya Linda Mama, na sioni sababu ya kulisema kwa upole. Na hata mchango ukilipwa, mama wa Bamba anayesafirishwa usiku kwenda Kilifi bado atalazimika kuchagua kati ya kwenda na mwenzake na kwenda peke yake, kwa kuwa nauli ya bodaboda ya pili haimo katika jedwali lolote la bima.