Ganzi ya Maonyo

Mwezi Julai mwaka 2013, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, mvulana wa miaka 16 alipewa vidonge 38 na nusu vya Septra kwa mara moja. Septra ni dawa ile ile ambayo huku kwetu tunaiita Septrin, na mvulana huyo alizoea kumeza kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Usiku ule alishikwa na kifafa. Alipona, na hospitali yenyewe ikakubali kisa kielezwe hadharani. Robert Wachter, daktari wa hapo hapo, alikisimulia kwa kirefu katika kitabu chake The Digital Doctor cha mwaka 2015.

Hakuna mashine iliyoharibika usiku huo. Utaratibu wa hospitali ulitaka mgonjwa mwenye uzito chini ya kilo 40 aandikiwe dawa kwa hesabu ya miligramu kwa kila kilo ya mwili wake, na mvulana alikuwa na kilo 38.6. Hesabu ilipotoka, mfamasia aliona hailingani sawasawa na kidonge kizima, akamwomba daktari arekebishe. Daktari akaandika 160, akikusudia miligramu 160, yaani kidonge kimoja. Lakini kisanduku cha kipimo kwenye skrini kilikuwa bado kinasoma miligramu kwa kilo. Kompyuta ikazidisha 160 kwa uzito wa mgonjwa, ikapata zaidi ya miligramu 6,000.

Nayo ilionya. Ilimwonya daktari, akalifunga onyo. Ikamwonya mfamasia, naye akalifunga. Roboti ya famasi ikafungasha vidonge kama ilivyoagizwa. Muuguzi aliyevipokea alishangaa wingi wake, akapitisha skana kwenye pakiti, na skana ikamjibu kwamba idadi ni sahihi, maana ndiyo iliyoandikwa.

Inakuwaje watu wawili waliosomea kazi yao, wasio wazembe, wafunge onyo la kweli kana kwamba halikuwapo? Wataalamu wa usalama wa wagonjwa wana jina la hali hiyo. Kwa Kiingereza wameliunda kwa kuunganisha tahadhari na uchovu, na sisi tukifuata nyayo zao neno kwa neno tunapata “uchovu wa tahadhari”. Ndiyo tafsiri inayokuja kwanza mdomoni. Naipinga, na mahali pake napendekeza “ganzi ya maonyo”. Sina ugomvi na uzuri wa maneno. Ninachohofia ni kwamba “uchovu wa tahadhari” unamtuhumu asiyestahili, na hospitali inayomtuhumu asiyestahili hairekebishi kinachostahili kurekebishwa.

Nianze na tahadhari. Katika Kiswahili, tahadhari huchukuliwa. Mtu anatahadhari, anachukua tahadhari, anakwenda kwa tahadhari. Ni tendo la yule anayekabili hatari. Hata bango la barabarani likiandikwa “Tahadhari”, linamwamuru msomaji afanye kitu. Kompyuta haiwezi kuchukua tahadhari kwa niaba ya daktari. Inachoweza ni kuonya, na baada ya hapo tahadhari ni yake yeye. Tukiuita ujumbe wa skrini tahadhari, tunachanganya kazi mbili: ile ya mashine na ile ya mtu.

Onyo linatufaa zaidi, na sababu imo ndani ya neno lenyewe. Kuonya kumetokana na kuona, kama ponya ilivyotokana na pona. Kumwonya mtu ni kumfanya aone. Kwa kipimo hicho, ujumbe uliochomoza mbele ya macho na kufungwa bila kusomwa haujakamilisha kazi ya kuonya, hata kama kumbukumbu za kompyuta zinasema ulitolewa saa fulani na dakika fulani. Watengenezaji wa mifumo hupenda kuhesabu maonyo yaliyotolewa. Kiswahili kinatutaka tuhesabu yaliyoonwa.

Sasa uchovu. Mtu aliyechoka dawa yake ni kupumzika. Mpe daktari likizo ya mwezi mzima, arudi kazini Jumatatu asubuhi akiwa na nguvu zake zote: onyo lisilo na maana atalifunga vile vile, pengine kwa kasi zaidi. Kilichopungua kwake ni hisia ya kitu kimoja mahususi, na imepungua kwa sababu kitu hicho kimemgandamiza kutwa kucha. Hiyo tunaiita ganzi. Ukiukalia mguu muda mrefu unakufa ganzi. Mguu ni mzima, mishipa ya fahamu ndiyo iliyobanwa, na hakuna anayeulaumu mguu. Unaondoa uzito ulioulemea.

Najua pingamizi litakalotoka wodini. Ganzi tayari ina kazi hospitalini: kuna dawa ya ganzi, ile anayodungwa mtu kabla ya kushonwa jeraha au kung’olewa jino. Naona hilo ni faida. Muuguzi, mfamasia, mhudumu wa usafi na mgonjwa mwenyewe wote wanalijua neno, na wanajua kwamba ganzi hutiwa, haizuki tu. Istilahi nzuri pia inapaswa kuzaa maneno mengine bila kulazimishwa, na hii inazaa. Tunaweza kusema onyo linalotia ganzi, mfumo uliotia ganzi, wafanyakazi waliokufa ganzi. Kamati ya dawa ya hospitali ikikaa mezani na orodha ya maonyo ya kompyuta, inaweza kuweka alama pembeni mwa kila moja: hili linatia ganzi, litolewe.

Uzito wenyewe ni mkubwa kuliko tunavyodhani. Katika hospitali hiyo hiyo ya San Francisco, mwaka huo huo wa 2013, Barbara Drew na wenzake walirekodi kila mlio na kila ishara ya mashine za kufuatilia mapigo ya moyo katika vitengo 5 vya wagonjwa mahututi vyenye vitanda 77. Kwa siku 31 zilitoka ishara zaidi ya 2,500,000. Nyingi zilionekana kwenye skrini tu, lakini zilizosikika kwa masikio zilikuwa 187 kwa kila kitanda kwa siku. Walipochambua milio iliyodai kwamba mapigo ya moyo yameharibika, waligundua kuwa asilimia 88.8 ilikuwa ya uongo: mgonjwa amegeuka, waya umelegea, mashine imehesabu vibaya. Upande wa maonyo ya dawa si tofauti. Mwaka 2006 Heleen van der Sijs wa Uholanzi na wenzake walipitia tafiti zilizokuwapo, wakakuta madaktari hufunga kati ya asilimia 49 na 96 ya maonyo wanayoletewa.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Ni methali tunayopenda kuwatupia watu walioonywa wakakaidi, na kwa kijana mkaidi inafaa. Hospitalini haifai. Sikio linalopigiwa kelele 187 kwa kila kitanda, nyingi kati yake zikiwa za uongo, limefanya jambo la busara kuacha kushtuka. Lingeshtuka kila mara lisingeweza kumsikiliza mgonjwa. Msiba ni kwamba sikio hilo hilo haliwezi kuitofautisha kelele ya kweli ikija na sauti ile ile, rangi ile ile na kisanduku kile kile. Onyo kwamba dozi imezidi kidogo na onyo kwamba dozi imezidi mara 38 yaliletwa kwa sura moja.

Mtu asinisome vibaya akadhani nataka turudi kwenye faili za karatasi na mwandiko wa daktari. Mwaka 1998 David Bates na wenzake wa Boston walionyesha kwamba pale madaktari walipoanza kuagiza dawa kwa kompyuta badala ya kalamu, makosa makubwa ya dawa yalipungua kwa asilimia 55. Huo ni uhai wa watu. Kompyuta inayojua uzito wa mtoto, mzio wake na dawa alizokwisha kupewa ni msaada ambao hakuna ubongo wa mtu anayemaliza zamu ya usiku unaoweza kuufikia.

Ushahidi wa jinsi maonyo machache yanavyofanya kazi tunao karibu. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, ulianza mfumo mdogo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta, zao la ushirikiano kati ya Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kutoka hapo ulikua mfumo wa AMPATH, mpango wa huduma za UKIMWI wa vyuo hivyo, na katika mkondo huo huo ikazaliwa OpenMRS mwaka 2004, programu huria ambayo leo inatumika katika nchi nyingi. Indiana ilikuwa na historia yake katika jambo hili. Huko Indianapolis, mwaka 1976, daktari Clement McDonald alikuwa amechapisha matokeo ya jaribio lake: madaktari waliokumbushwa na kompyuta walichukua hatua katika asilimia 51 ya matukio yaliyohitaji hatua, na bila kukumbushwa asilimia 22. Hakuona kwamba tofauti ni ya elimu. Kwake, madaktari walijua cha kufanya. Ni vile tu akili ya binadamu haiwezi kushika kila kitu kwa wakati mmoja.

Daktari Mkenya Martin Were na wenzake walilipeleka wazo hilo kwenye kliniki ya watoto wenye virusi vya UKIMWI, au waliozaliwa na mama wenye virusi hivyo, katika mpango wa AMPATH, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Kompyuta ilipitia kumbukumbu za kila mtoto, ikatoa karatasi ya muhtasari yenye yale yaliyopitiliza muda wake kwa mtoto yule: kipimo hiki hakijafanyika, picha ya kifua haijapigwa. Mtabibu aliipata mtoto akiwa mbele yake. Kazi zilizokuwa zimechelewa zilitekelezwa kwa asilimia 68 pale karatasi ilipotolewa, na asilimia 18 pale isipotolewa. Karatasi, si skrini ya kisasa. Iliyofanya kazi ni ile hali ya taarifa zake kuwa chache, kuwa za mtoto huyu na si mwingine, na kufika wakati jambo bado linaweza kufanyika.

Hapa napenda tutenganishe istilahi mbili ambazo Kiingereza chenyewe huzichanganya mara kwa mara. Taarifa zile za karatasi ya AMPATH zilikuwa vikumbusho. Kikumbusho hurudisha kile ambacho mtu anakijua ila kimemtoka. Kinaweza kusubiri hadi mwisho wa mazungumzo na mgonjwa. Onyo husimamisha mkono. Mfumo unaoleta vikumbusho vyake kwa sura ya maonyo, vyote vyekundu, vyote vikidai kubofywa kabla ya kuendelea, ndio unaotia ganzi. Tofauti hii inatuhusu zaidi sasa kwa kuwa Kiswahili kimekwisha kuingia kwenye vifaa vyenyewe. Zanzibar, kupitia mpango wa Jamii ni Afya, wahudumu wa kujitolea huingia kwenye kaya wakiwa na programu ya simu inayowaongoza kuuliza na kushauri. Mama mjamzito akitaja moja ya dalili za hatari, hilo ni onyo. Tarehe ya kliniki ijayo ni kikumbusho.

Limebaki neno la kile kitendo cha kulifunga onyo na kuendelea. Wengi wangesema kupuuza, na kupuuza ni shutuma: anayepuuza amedharau. Lakini daktari wa moyo anayempa mgonjwa dawa mbili za kuzuia damu kuganda, akijua hatari yake na sababu yake, hakudharau chochote. Amelisoma onyo, amepima, ameamua vingine. Kwa huyo napendekeza kutangua, neno ambalo watu wa mahakama wanalitumia kwa uamuzi uliofikiriwa, na linalodai sababu. Aliyebofya bila kusoma ameruka onyo. Mfumo ukiwekwa hivyo, anayetangua aandike sababu kwa maneno machache na anayeruka atambulike kwa kuwa hakuandika, famasi itapata kila mwezi orodha mbili. Katika orodha ya yaliyotanguliwa kuna maonyo ambayo kanuni yake haiendani na wagonjwa wa hospitali ile, yarekebishwe. Katika orodha ya yaliyorukwa, lile linalorukwa na karibu kila mtu liondolewe kwenye skrini wiki hiyo hiyo, kabla halijalificha lingine.