Chatu wa Paris aliyewaumbua wasomi

Mei 1841, katika bustani ya wanyama ya Jardin des Plantes jijini Paris, chatu jike wa aina ya Burma alitaga mayai 15. Hakuyaacha. Aliyakusanya rundo moja, akajiviringa kuyazunguka duara juu ya duara hadi yakafunikwa yote, kisha akalaza kichwa kileleni. Alikaa hivyo karibu miezi miwili. Chakula alikikataa, maji alikunywa.

Kwa aliyefuga kuku hakuna la ajabu hapo, lakini kwa wanasayansi wa Ufaransa lilikuwa jambo zito. Katika miaka ya 1830 msafiri Lamarre-Picquot, aliyetoka India, aliwaambia kwamba nyoka wakubwa wa huko huatamia mayai na kuyapa joto la miili yao. Hawakumkubalia. Constant Duméril, bingwa wao wa elimu ya nyoka na mijusi, aliliona dai hilo halina msingi. Nyoka ni mnyama wa damu baridi, joto lake hulipata kwenye jua na ardhi. Atatoaje asichokuwa nacho? Hoja ilipendeza masikioni. Tatizo ni kwamba ilitolewa kabla ya vipimo.

Achille Valenciennes ndiye aliyepima. Alipenyeza kipimajoto katikati ya mikunjo ya yule jike, akakuta joto la hapo limepita la nje yake. Mapema Julai watoto 8 wakatoka. Msafiri aliyedharauliwa alikuwa amesema kweli.

Waingereza nao walitaka lao. Bustani ya wanyama ya London ilikuwa imefungua jengo la reptilia mwaka 1849, la kwanza la aina yake duniani, na Januari 1862 chatu mmoja kutoka Afrika Magharibi alitaga humo mayai yapatayo 100. Philip Sclater, katibu wa chama kilichomiliki bustani hiyo, alisimamia upimaji wa joto na kuandika taarifa. Hakuna yai lililoleta mtoto. Wafugaji wa leo wanaujua ugumu wa kazi ile: ganda la yai la chatu ni laini, halina ugumu wa yai la ndege. Hewa ikikauka yai linabonyea, unyevu ukizidi linaota ukungu, na joto likiyumba kwa digrii chache tu kilichomo ndani kinakufa au kinazaliwa na kilema.

Jibu la namna chatu anavyozalisha joto lilichelewa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1966 Victor Hutchison na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kumpima chatu wa Burma aliyekuwa akiatamia katika bustani ya New York. Kumbe hutetemeka. Misuli yake hukaza na kulegea tena na tena, na kadiri hewa inavyopoa ndivyo anavyoongeza kasi. Chatu wa Afrika alipochunguzwa baadaye hakuonekana kufanya hivyo. Mfano wa chatu mmoja usichukuliwe kuwa sheria ya chatu wote.

Hadi hapo ufugaji ulikuwa wa bustani kubwa, na mtoto wa chatu kuzaliwa vifungoni ilikuwa habari ya gazeti. Mambo yaligeuka kuanzia miaka ya 1970 na 1980, watu binafsi Marekani walipoingia kwenye uzalishaji. Waligundua kwamba ukipunguza joto la chumba kwa wiki kadhaa, dume na jike hupandana. Mama akishataga, mayai yanaondolewa na kuwekwa kwenye chombo cha plastiki chenye chembechembe zinazoshika unyevu, kisha ndani ya mashine ya kutotoleshea kwenye nyuzi 31 au 32 hivi. Baada ya takriban miezi miwili mtoto anapasua ganda kwa kijino cha muda kilichoko mdomoni, anachungulia, na mara nyingi anabaki humo siku nzima kabla ya kutoka. Mama wala hahitajiki; akishanyang'anywa mayai hurudia kula mapema na kujijenga kwa msimu ujao.

Ndipo zikaja rangi. Chatu wa Burma mwenye ualbino, mweupe mwenye mabaka ya manjano, aliuzwa kwa bei ya kutisha mwanzoni. Lakini jike mmoja hutaga makumi ya mayai, na kila mnunuzi ni mshindani wako wa kesho. Bei zikaporomoka. Kuanzia 1996 hadi 2006 Marekani iliingiza pia chatu wa Burma wapatao 99,000 kutoka nje. Mtoto wa urefu wa mkono anafika mita tatu ndani ya miaka michache, na hapo mwenye nyumba anaanza kutafuta pa kumtupa.

Kwa chatu kuzagaa porini, wengi huitupia lawama tufani ya Andrew ya Agosti 1992, iliyobomoa banda la wazalishaji kusini mwa Florida. Mimi naona tufani inasingiziwa. Chatu alikwishaonekana kwenye vinamasi vya hifadhi ya Everglades tangu 1979. Utafiti wa 2012 ulionyesha kuwa rakuni, wanyama wanaowindwa na chatu hao, walioonekana barabarani katika hifadhi hiyo walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuwaingiza nchini chatu wa Burma pamoja na chatu wa Afrika. Ilikuwa kufunga zizi ng'ombe wameshatoka.

Wakati huo Graham Alexander wa Afrika Kusini alikuwa akiwafuatilia chatu wa huko porini kwa vinasa mawimbi. Mwaka 2018 alieleza kuwa majike hugeuka weusi msimu wa uzazi, huota jua hadi joto lao linakaribia kuwadhuru, kisha hurudi shimoni kuyakumbatia mayai. Watoto wakishaanguliwa mama hukaa nao wiki mbili hivi. Karibu karne mbili za kufuga na kuzalisha hazikuwa zimetuonyesha hilo.

Aina hiyohiyo ya chatu ndiyo tuliyo nayo Tanzania na Kenya. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na shinikizo la kuifungua biashara hiyo halijaisha. Anayedai kwamba mashamba ya chatu ni ajira aulizwe kwanza, kabla ya kupewa kibali: jike wako akitaga mayai 50 na soko likanunua watoto 10, hao 40 utawapeleka wapi?