Kutoka Debe hadi Mkuza: Maneno ya Mafuta na Gesi katika Handeni na Korogwe

Mtu aingiaye soko la Manundu mjini Korogwe, au gulio lolote la Handeni katika majira ya mavuno, atasikia mahindi yakiuzwa kwa debe, na aghalabu muuzaji na mnunuzi wote wawili hawana habari ya kwamba kipimo hicho ni masalia ya biashara ya mafuta ya ardhini. Mwishoni mwa karne ya 19 mafuta ya taa kutoka Marekani na Urusi yalikuwa yakisafirishwa ulimwenguni katika makopo ya bati ya pembe nne, kila moja likichukua karibu lita 18, na makopo mawili yakitiwa katika kasha moja la mbao ili yapakiwe jahazini au yatwikwe kichwani pasipo kuvuja. Neno lenyewe lilikuja na wafanyabiashara wa Kihindi wa miji ya pwani; na reli ya Usambara, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893 na kuifikisha Korogwe mwaka 1902, ikayachukua mashehena hadi bara kwa wepesi ambao misafara ya wapagazi, iliyokuwa ikipanda kutoka Pangani kwa kufuata mto Pangani, haikuweza kuufikia. Mafuta yaliwaka yakaisha, kopo likabaki. Likawa ndoo ya maji, likakunjuliwa likawa bati la kuezekea banda, na hatimaye likawa kipimo cha nafaka, ambacho Serikali imekihimiza kiache nafasi kwa kilo miaka nenda miaka rudi, wala hakijaondoka.

Pamoja na debe yalikuja majina ya taa. Fanusi na kandili yalikuwapo pwani zamani, nayo ni ya mabaharia na wenye majumba ya mawe; chemli na karabai yakaletwa na bidhaa za viwandani; lakini koroboi na kibatari, vyombo vya maskini vilivyotengenezwa kwa makopo matupu na kipande cha utambi, ndivyo vilivyoangaza Uzigua yote kuanzia Chanika hadi Kwamsisi kwa muda wa karne nzima. Msamiati huu haukutungwa na kamati wala kupitishwa na ofisi. Uliundwa na watu waliokuwa wakiyashika mafuta kwa mikono yao, wakiyanunua kwa kibaba, wakiyaogopa yasije yakaunguza nyumba ya makuti. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu maneno yaliyofuata, kadiri miaka ilivyopita, yalizidi kutoka mbali na mikono hiyo.

Mara ya pili mafuta yalifika Korogwe kama adui, na wala hayakutambuliwa. Katika mwaka ule ule wa 1893 ilipoanza reli, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, alileta miche ya katani kutoka Florida. Iliyopona njiani haikutimia hata mia, nayo ikapandwa karibu na Pangani, na kutokana na hiyo yakaenea mashamba ya Ngombezi, Magunga, Mazinde, Hale na mengineyo ambayo yaliwaleta Korogwe vibarua wa makabila yote ya nchi na hata ya nje ya mipaka. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa katani ipatayo tani 230,000, nayo ilikuwa ya kwanza duniani. Kisha wakemia wa Ulaya na Marekani wakaanza kusokota kamba kutokana na polipropilini, nyuzi zinazozaliwa na mafuta na gesi viwandani, ambazo hazikuhitaji mvua wala mkono wa mkata mkonge. Bei ya katani ikaanguka, na baada ya utaifishaji wa mwaka 1967 na usimamizi uliolegea, mavuno ya nchi yakashuka katika miaka ya 1990 hadi kama sehemu ya kumi ya yale ya zamani. Watu wengi wa Korogwe wanaoisimulia habari ya kufa kwa mashamba huwalaumu mameneja, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini mshindani mkuu alikuwa pipa la mafuta, na katika lugha yetu hapakuwa na neno lolote la kumtaja.

Barabara kuu nayo ina msamiati wake. Hapo Segera, njia panda ya magari yaendayo Tanga, Moshi na Dar es Salaam, hata mtoto mdogo hukuelekeza kituo cha mafuta kwa kusema “pale sheli”, ijapokuwa kampuni iliyokipa kituo jina hilo haina mkono tena katika pampu hizo. Humo vituoni ndimo lilimokulia neno kuchakachua. Kwa kuwa ushuru wa mafuta ya taa ulikuwa mdogo sana kuliko wa dizeli na petroli, wafanyabiashara wasio na amana waliyachanganya ili wapate faida maradufu, na injini za watu zikafa. Serikali ikaanza mwaka 2010 kutia vinasaba katika mafuta halali ili yajulikane na yale ya magendo, na mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ukaribie wa wenzake. Dawa ilifaa, ila mwenye koroboi alilipishwa kosa la mwenye lori. Neno nalo halikukaa kituoni: katika uchaguzi mkuu wa 2010 kura zilisemwa kuwa zimechakachuliwa, na tangu siku hizo maziwa, vyeti, saruji na hata ndoa huchakachuliwa. Sijui neno jingine la biashara ya mafuta lililopata ufasaha wa namna hiyo kwa muda mfupi hivyo.

Gesi ni habari ya mbali kidogo na wilaya hizi mbili, nami nitaipita upesi. Iligunduliwa na kampuni ya Kiitaliano ya AGIP katika kisiwa cha Songo Songo mwaka 1974, ikaonekana tena Mnazi Bay mwaka 1982, ikafikishwa Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004 ili izalishe umeme, na kuanzia 2010 ikapatikana kwa wingi mkubwa katika bahari yenye kina kirefu. Faida ya habari hiyo kwa msomaji wa Kabuku au Mombo ni kuondoa shaka moja: gesi asilia ya Songo Songo siyo ile iliyomo katika mtungi wa jikoni. Ya mtungini huwa kimiminika kwa kushindiliwa kidogo tu, nayo huagizwa kutoka ng’ambo kwa meli. Asilia haikubali kuwa kimiminika mpaka ipozwe hadi nyuzi 162 za Selsiasi chini ya sifuri, na ndiyo maana mtambo wa kuisindika unaokusudiwa kujengwa Lindi umekuwa wa gharama kubwa na wa mazungumzo marefu. Basi mtu aulizaye kwa nini mtungi haushuki bei ilhali nchi ina gesi tele, swali lake ni la haki, na jibu lake limo katika tofauti ya vitu viwili tulivyovipa jina moja.

Sasa tulifikie bomba la mafuta lipitalo katika wilaya hizi. Mwaka 2006 yaligunduliwa nchini Uganda, kando ya Ziwa Albert, mafuta yanayotosha biashara. Na kwa kuwa Uganda haina bahari, pakawa na mashauriano marefu kama yapitishwe Kenya au Tanzania, hata Aprili 2016 Tanga ikachaguliwa. Agosti 2017 Rais Magufuli na Rais Museveni wakaweka jiwe la msingi Chongoleani, na Februari 2022 wenye hisa wakatoa uamuzi wa mwisho wa kuwekeza: TotalEnergies ya Ufaransa asilimia 62, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania asilimia 15, shirika la mafuta la Uganda asilimia 15, na CNOOC ya China asilimia 8. Urefu wake ni kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania. Linapoingia mkoa wa Tanga hupita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza kabla ya kuifikia bahari.

Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, na joto likipungua huganda, kama mafuta ya nazi yanavyoganda chupani wakati wa kipupwe. Kwa hiyo mabomba yake huvikwa koti la kuhifadhi joto, kazi iliyofanywa katika kiwanda cha Sojo, wilayani Nzega, na hutiwa nyaya za umeme za kuyapasha njiani, ndipo yakafukiwa ardhini. Haya ndiyo mafuta ghafi, yaani yasiyosafishwa, na ni vema ieleweke kwamba hakuna gari litakalojazwa kutoka humo, wala Handeni haitapata lita moja ya petroli kwa sababu bomba limepita uani mwake.

Na hapo ndipo ulipozuka msamiati mwingine, ambao wazee wa vijiji waliusikia kwanza katika mikutano ya hadhara kutoka kwa maafisa na wathamini. Ukiuchunguza utauona una tabaka tatu. Majina ya bidhaa ni ya Kizungu: petroli, dizeli, gesi. Majina ya kazi na mahali ni ya Kibantu, yaliyochukuliwa shambani na porini yakapewa madaraka mapya: kisima, kuchoronga, mkondo wa juu na mkondo wa chini, kitalu, ambacho hapo zamani kilikuwa cha miche, kikawa cha wawindaji, kisha kikawa cha watafuta gesi. Lakini majina mengi ya haki na mali ni ya Kiarabu, nayo yalipitia bandari za pwani karne nyingi kabla ya bomba: mkataba, hisa, dhamana, fidia, mrabaha, thamani, rasilimali. Msomi aliyelipendekeza neno mrabaha kwa ajili ya malipo ya mwenye madini alifanya jambo la busara, kwa kuwa mfanyabiashara wa Pangani wa mwaka 1850 angelifahamu mzizi wake bila kufasiriwa. Je, mkulima wa Sindeni naye analifahamu hivyo?

Nachelea kwamba hapana. Mrabaha ni fungu alipwalo mwenye rasilimali kwa sababu rasilimali yake imechimbwa. Kwa sheria ya petroli ya mwaka 2015 ni asilimia 12.5 ya uzalishaji wa nchi kavu, na 7.5 wa bahari ya kina kirefu. Mafuta ya bombani ni ya Uganda, hivyo mrabaha wake ni wa Uganda. Fungu la Tanzania hutokana na kodi na gawio la hisa zake katika kampuni ya bomba, ambayo nayo hulipwa ada ya kusafirisha na wenye mafuta. Asemaye barazani kwamba Handeni inastahili mrabaha wa bomba amekosea neno, na kwa kukosea neno amelidai deni kwa asiyewiwa.

Mkuza ni ukanda wa ardhi, upana wake mita 30, ambamo bomba hufukiwa. Si upana wa shamba zima, wala si mstari mwembamba wa bomba lenyewe, na ugomvi mwingi wa mipaka chanzo chake ni kutolipima neno hili kwa kamba. Fidia, kwa sheria za ardhi za mwaka 1999, ni lazima iwe kamili, ya haki, na itolewe kwa wakati. Na ukamilifu huo si bei ya ardhi peke yake, bali pia thamani ya maendelezo, yaani nyumba, minazi, michungwa na mazao, pamoja na posho ya usumbufu na ya usafiri, na riba kama malipo yamecheleweshwa kupita miezi sita. Ipo vilevile tarehe ya ukomo, siku ambayo baada yake mche mpya au chumba kipya hakihesabiwi tena. Na ni neno hilo, lionekanalo dogo katika waraka, lililomzuia mtu asipande wala asijenge huku akingoja malipo ambayo katika vijiji vingi yalikawia.

Hata pipa lina hila yake. Pipa la bei za mafuta ulimwenguni ni lita 159 tu, ilhali pipa la chuma lililosimama katika gereji za Korogwe huchukua zaidi ya lita 200. Kwa hiyo isemwapo kwamba bomba litachukua mapipa 216,000 kwa siku, hiyo ni kama lita milioni 34, na akokotoaye kwa pipa la gereji atajikuta ameongeza milioni kadhaa zisizokuwapo.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1967, limekwisha kusanifu istilahi za fani nyingi, na hizi za mafuta na gesi hazipungui vitabu. Kinachopungua ni mahali pa kusomea. Ombi langu kwa halmashauri za Handeni na Korogwe ni kwamba waraka wowote wa mradi usitiwe sahihi wala dole gumba kijijini kabla haujasomwa kwa sauti mbele ya baraza, mkuza ukaonyeshwa kwa hatua ardhini, fidia ikahesabiwa fungu kwa fungu, na mwenye shamba akabaki na nakala yake nyumbani. Mapori ya Uzigua yana njia nyingine za umeme na mabomba zitakazoombwa kupita, na maofisa wake watafika na maneno yale yale.